Msimu Niliomtangazia Mama Mpira

Mdogo wangu alinipigia simu mchana, nikiwa juu ya kigoda nahamisha vitenge kwenye rafu ya juu. Niliibana simu kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Akasema, "Dada, tumepita."

"Mmepita wapi?"

"Tumeingia makundi. Klabu bingwa Ulaya. Sisi, Dada. Kile kitimu chetu."

Nikashuka. Duka langu liko Isipingo, huku kusini kabisa mwa Afrika, karibu na kituo cha teksi, na saa hizo wapiga debe wanakuwa wamepamba moto, kwa hiyo ilinibidi niingie nyuma ya pazia ndipo nimsikie vizuri. Mpira wenyewe sikuujua. Mume wangu ndiye mwenye timu ya Uingereza, na mimi siku zote niliuchukulia ule mpira wake kama maradhi madogo ya kurithi. Lakini sauti ya mdogo wangu naijua tangu ni kilio, maana mimi ndiye niliyembeba mgongoni Mama alipokuwa anakwenda sokoni. Siku hiyo ilikuwa inapanda na kushuka kama ya mtu anayeongea huku anaruka. Nilipomuuliza, akasema ni kweli, alikuwa anaruka, yuko kwenye kitanda cha hoteli na wenzake wote wanaruka.

Yeye ni winga wa kushoto. Alianzia viwanja vya mchanga vya shule kwetu Tanga, akaenda kuchezea timu ya Dar, na kutoka hapo akachukuliwa na klabu ya wanawake ya nchi moja ya kaskazini kabisa, katika mji mdogo ambao kwa maelezo yake una kiwanda cha samaki, kanisa, na uwanja. Msimu wake wa kwanza walichukua ubingwa wa nchi ile. Ubingwa ukawapa tiketi ya kuanzia chini kabisa, kwenye mechi za mchujo za Ulaya, na mchujo huo ndio waliokuwa wameumaliza. Sasa wangekuwa kundi moja na klabu tatu ambazo, nilipomtajia mume wangu jioni, zilimfanya aache kutafuna.

"Wawili kati ya hao wanabeba makombe," akasema. "Watawaua."

Nikampigia Mama. Alishukuru Mungu, akauliza kama mtoto anakula, halafu akasema jambo ambalo lilikuja kuutawala mwaka wangu wote.

"Wewe utaangalia?"

"Nitaangalia, Mama."

"Basi utaniambia. Mimi siangalii."

Mama hakuwa na kinyongo na mpira. Alimnunulia mtoto viatu vya njumu kabla hajamnunulia vya shule. Ila mara moja tu katika maisha yake alikwenda uwanjani kumtazama, mashindano ya shule za mkoa, akakaa kwenye kiti cha plastiki alichobeba kutoka nyumbani, na kabla hajajifunga mtandio vizuri mtoto akaangushwa, mfupa wa bega ukavunjika mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo alisema macho yake mazito, yakimtazama mtoto yanaleta mkosi. Kusikia, sawa. Kuona, hapana.

Kwa hiyo nikawa mtangazaji.

Aliyenionyesha njia ni mwanafunzi mmoja Mkenya, msichana wa mtaa wa Glenwood anayesomea udaktari wa falsafa katika kemia, ambaye huja kwangu kununua vitenge vya kushona mikoba. Nilimuuliza hizo mechi mtu anazionaje. Akaniangalia kama niliyemuuliza jua hutokea wapi.

"Dada, hizo ziko kwa mtandao, bure. Mimi huziangalia kila mwaka. Nilichezea shule yetu namba sita." Kisha akaifahamu sababu ya swali langu, akaweka kitambaa chini. "Ati ni nani anacheza? Sista yako? Na umenyamaza na hii habari ukiniuzia vitambaa?"

Ndiye aliyesema simu haitoshi, tutafute skrini. Skrini kubwa ya karibu ilikuwa kwa mama mmoja Mkongomani, mtaa wa nyuma ya duka langu, aliyekuwa na mgahawa wa fufu, sombe ya kisamvu na samaki wa chumvi. Yeye mwenyewe aliuita malewa. Mimi nilikuwa nanunua kwake samaki, na aliniita Tanzanie, basi.

Jioni ya mechi ya kwanza tukamkuta ana wanaume kama kumi hivi wanaangalia marudio ya ligi ya Uingereza. Yule msichana alikuwa na kompyuta yake na waya. Nikamweleza mwenye mgahawa shida yetu.

"Mutoto yako iko mu tele?" akauliza.

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Tumbo moja kabisa?"

"Kabisa."

Akachukua rimoti. Mmoja wa wanaume akasema, "Mama, sisi tuko tunaangalia." Naye bila kugeuka akamjibu, "Munaangalia marudio. Marudio haina haraka." Mechi ya mdogo wangu ikatokea ukutani, uwanja mkubwa, nyasi za kijani kiasi cha kutia mashaka, na mtangazaji anaongea Kifaransa. Nikampigia Mama, nikaweka simu mdomoni.

Sikujua pa kuanzia. Nikasema, "Mama, wako wengi."

"Yeye yuko wapi?"

"Amekaa benchi."

"Benchi lina kivuli?"

"Huko ni usiku, Mama, wamewasha taa."

"Haya, endelea."

Basi nikaendelea, na nilichotangaza ni mdogo wangu peke yake, kwa sababu Mama hakutaka kingine. Amekunja mikono. Amevaa koti refu. Anaongea na wa pembeni yake. Anacheka. Anafunga kamba ya kiatu. Nyuma yangu wanaume waliguna mara nne na mimi sikugeuka kujua wanagunia nini. Kipindi cha pili akavua koti, akaja kusimama mstarini, na yule msichana akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Mama, ameingia."

"Ameingia wapi?"

"Uwanjani. Anacheza."

"Amevaaje?"

"Jezi ya bluu, soksi nyeupe ndefu. Amesuka nywele."

"Nani kamsuka huko?"

Mdogo wangu alikuwa amepewa mpira, akamtazama beki, akaupitisha huku na yeye akapita kule, na wale wanaume waliokuwa wananuna wote kwa pamoja wakasema "eeeh" kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayeonjeshwa kitu kizuri bila kutarajia. Nilisikia mwili wangu wote umewaka. Sijui kama nilimtangazia Mama chochote. Nakumbuka tu Mama akisema, "Mbona umenyamaza, ameumia?"

Mechi ilipokwisha nilimgeukia yule msichana Mkenya, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema wamefungwa nne bila.

"Mama, wamefungwa," nikasema.

"Yeye ameumia?"

"Hapana."

"Basi tumeshinda."

Mume wangu alicheka aliposikia nilivyotangaza, lakini siku iliyofuata alitoka kazini Clairwood, kwenye yadi ya malori ambako yeye ndiye anayepanga yupi aende wapi, akatandika mkeka akanipangia vikombe. Kumi na moja huku, kumi na moja huko, tukaazima na vya jirani. Alinifundisha kona, faulo, krosi, kukaba, mtu kuotea. Kwenye kuotea tulikaa muda mrefu mpaka chai ikapoa ndani ya beki wa kati. Nilipoelewa, nilielewa kwa furaha ya kipuuzi kabisa, nikaanza kumwuliza maswali barabarani, tukisubiri robot, yaani taa za barabarani, ituruhusu: "Na kama yule wa nyuma kabisa yuko nje ya mstari, anahesabika?" Akawa anajibu kwa heshima, kama anavyowajibu madereva wake.

Mechi ya pili walifungwa moja tu. Ya tatu walicheza kwao, theluji inaanguka, mpira umebadilishwa kuwa wa rangi ya machungwa ili uonekane. Mgahawani tulikuwa tumeongezeka. Wanawake wawili wauza nguo za mitumba walikuja baada ya kusikia kwangu, na wale wanaume walirudi, ingawa walikaa kwa kuelekea mlangoni, wasije wakadhaniwa wamekuja kwa ajili ya mpira wa wanawake.

"Mama, kuna theluji."

"Theluji kwenye nyasi?"

"Hakuna nyasi. Kweupe kote. Yeye amevaa glavu."

"Mwambie asivue."

Wakati wa ile theluji ndipo mdogo wangu aliposukuma mpira mbele, akaukimbilia mpaka pembeni kabisa ambako mimi nilidhani umetoka, akauzungusha kwa mguu wa kushoto ukapita juu ya vichwa vyote, na mwenzake mmoja mrefu, mwenye nywele nyeupe kama ile theluji yenyewe, akauweka ndani kwa kichwa. Niliruka mpaka simu ikanitoka. Ikaangukia kwenye sahani ya mtu. Sauti ya Mama ikawa inatoka kwenye mchuzi: "Nini? Nini? Nambie."

"Krosi, Mama," nikasema, nikiifuta simu kwa khanga. "Ametoa krosi, imefungwa goli."

"Krosi yake?"

"Yake."

Walishinda moja bila. Waliyoifunga ilikuwa klabu ndogo kama yao, lakini mdogo wangu aliponipigia baadaye hakuweza kuongea sentensi mpaka mwisho. Akaniambia watu wa ule mji walikuwa wamekuja na ndoo na koleo asubuhi, wazee na walimu na wafanyakazi wa kiwanda, kusafisha uwanja ili mechi isiahirishwe. Akasema kocha wake amemwambia mechi inayofuata anaanza.

Kutoka hapo kila mechi alianza. Mimi nami nikajirekebisha. Nilijifunza kumpa Mama mchezo mzima bila kumpoteza mtoto: nikisema mpira uko kulia, nasema na yeye kushoto anafanya nini. Mama naye alibadilika. Mwanzoni aliuliza kuhusu soksi. Kufikia Desemba aliuliza, "Yule beki wao wa kulia bado hajapewa kadi? Juzi ulisema ana mikono mingi."

Mechi ya mwisho ya makundi walihitaji sare ugenini, kwa mmoja wa wale wakubwa wawili. Siku hiyo mvua ilinyesha Isipingo kutwa, maji yakawa yanatembea barabarani, na mgahawa ulijaa watu waliolowa wanaonuka sufu na pilipili. Wenyeji walitangulia kufunga. Msichana wetu wa Glenwood alisimama, akakaa, akasimama tena, na kila mtu akamwomba akae. Dakika zikawa zinakwisha, nami nikawa nasema maneno yaleyale, "Bado, Mama, bado," mpaka mdogo wangu akaangushwa pembeni ya boksi na mwamuzi akapiga filimbi.

"Ameanguka?" Mama alisikia mguno wa watu.

"Ameanguka, lakini anaamka. Anaamka, Mama. Anajipangusa."

Faulo ile aliipiga mwenyewe. Mpira uligonga mtu, ukarudi, ukapigwa tena na mtu ambaye hata leo siwezi kumtambua, ukaingia taratibu mno, unajiviringisha, kipa ameelekea upande mwingine. Mwenye mgahawa alitoka nyuma ya sufuria na mwiko wake, akacheza katikati ya meza, kiuno chini, uso hauna hata tabasamu, kama mtu anayefanya kazi. Mmoja wa wale wanaume akanikumbatia, kisha akaniomba radhi. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumepita. Nasema tulikuwa, kwa sababu hapo hakukuwa na mtu anayesema "walikuwa".

Robo fainali ilikuja mwezi wa Ramadhani.

Mama alimuuliza mdogo wangu kwa simu ya watatu, sisi wote tukiwa kwenye laini, kama anafunga. Akasema anafunga siku za mazoezi mepesi, ila siku za safari na mechi nzito anaweka deni, atalipa. Nilisubiri Mama aseme neno. Akasema, "Safari ina ruhusa yake. Ila usinidanganye kwamba unakula daku. Sauti yako ni ya mtu asiyekula daku." Mdogo wangu akakiri anaamshwa na saa, anaizima.

"Dada yako atakuwa anakupigia," Mama akaamua, na mimi nikapewa kazi nyingine.

Mechi ya kwanza kati ya mbili ilikuwa kwao. Tulifuturu mgahawani. Mimi nilileta uji wa pilipili manga, tende, muhogo wa nazi, na sambusa za duka la Wahindi wa mtaa wa juu, na mwenye mgahawa, ambaye ni Mkristo wa kuimba kwaya, alitusafishia meza mbili za pembeni akazitandika kitambaa kipya alichokinunua kwangu. Waliobaki wakasubiri mpaka tule kwanza. Mume wangu akaenda msikitini kuswali tarawehe. Mama aliswalia nyumbani, ili simu iwe karibu, akasema hilo amemweleza Mungu.

Wakubwa wa safari hii, klabu nyingine ya kubeba makombe, walikuja wakiwa na majina yao yote, na wakashindwa kufunga. Walipiga mwamba, walipiga nje, walimpiga kipa wetu mpaka nikamhurumia. Halafu tukapata kona moja, na yule mrefu wa nywele nyeupe akapanda juu ya kila mtu. Mume wangu aliingia akihema, viatu mkononi, akauliza, "Ngapi?" Mgahawa mzima ukamjibu kwa kidole kimoja, upande wetu.

Hatukulala vizuri wiki ile. Wateja walikuwa wanaingia dukani hawanunui, wanauliza tu, "Wiki ijayo tunafanyaje?" kana kwamba mimi ndiye napanga kikosi. Dereva mmoja wa teksi, Mzulu, aliyekuwa hajui hata nchi yenyewe iko wapi, alinionyesha dole gumba kila alipopita, akisema, "Sharp, sister." Mdogo wangu alituma picha moja ya uwanja wa marudiano ukiwa mtupu, siku ya mazoezi. Viti vilipanda mpaka juu kama mlima. Aliandika chini yake: Kelele hapa itakuwaje.

Asubuhi ya marudiano niliamka bila sauti. Mafua yalinianza tangu juzi, na mimi badala ya kunyamaza nilikuwa nimeita wateja kutwa. Nilipojaribu kusema, kilitoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikunywa tangawizi nilipofuturu, nikala asali, na nilipompigia Mama alisikia pumzi tu.

"Nani huyu?" akasema. "Wewe ni nani?"

Msichana wa Glenwood akachukua simu. "Shikamoo, Mama. Mimi ni rafiki ya binti yako, natoka Kenya. Sauti yake imeenda. Leo nitakutangazia."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Sasa yeye mpira anaujua, na mtu anayejua mpira hawezi kusema kitu kimoja tu. Akaanza, "Mama, wanatupandia juu sana, katikati imewachwa wazi, yule namba nane anarudi kuchukua mpira..."

"Mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nauliza mtoto yuko wapi."

"Ako kushoto, Mama. Amesimama. Anashika kiuno."

"Ee, hapo sawa."

Wakatufunga mapema. Jumla ikawa moja kwa moja, na ule mlima wa viti ukalia hadi spika za mwenye mgahawa zikakwaruza. Ngurumo ile niliiogopa. Nilimtafuta mdogo wangu kwenye picha, nikamwona anapiga makofi kuwaita wenzake warudi kati, uso wake umetulia, na nikawaza kwamba huyu si yule niliyembeba, huyu simjui, na sikuwahi kujivunia mtu nisiyemjua namna ile.

Kipindi cha pili msichana wetu alizidiwa. Aliiweka simu mezani bila kujua, akashika kichwa kwa mikono miwili. Sauti ya Mama ikaendelea kuuliza pale pale karibu na chumvi. Mimi nikanyoosha mkono, lakini nikiichukua ningesema kwa sauti gani? Mwenye mgahawa akaifikia kabla yangu.

"Alo, Mama. Niko hapa."

"Wewe nani tena?"

"Mimi njo mwenye malewa. Mutoto yako iko muzima. Iko anakimbia."

"Anakimbia na mpira?"

"Bila mpira. Ngoja. Sasa balo iko kwa yeye."

Ilikuwa kwa yeye kweli, karibu na mstari wa kati. Beki wa kulia alimfuata akidhani ataenda pembeni kama alivyokwenda msimu mzima, na mimi pia nilidhani hivyo, kila aliyemtazama tangu Oktoba angedhani hivyo. Akakata ndani. Akawaacha wawili wamegongana. Kipa akatoka. Mdogo wangu akaupiga kwa mguu wa kulia, mguu ambao tangu utotoni alikuwa anautumia kusimamia tu, mpira ukapita chini ya kipa, na kwa muda mfupi ule uwanja wote mkubwa haukutoa sauti.

Sisi ndio tuliotoa. Meza ilianguka, sijui ya nani. Nilikuwa nafungua mdomo na hakuna kinachotoka, machozi yananitiririka, mume wangu ananitikisa mabega akisema, "Umeona? Kulia. Ameupiga kulia." Na katikati ya hayo nikamsikia mwenye mgahawa, ametulia kabisa, kidole kimoja sikioni, anasema na Tanga.

"Mama. Mutoto ametia."

"Ametia nini?"

"Ametia goli. Balo iko mu nyavu. Kipa iko chini. Mutoto iko anakimbia, mikono juu, benzake banamufuata."

Mwenye mgahawa aliibonyeza simu ili sote tusikie, akaiinua juu. Kisha vigelegele vya Mama vikaja, vile vya harusini, virefu, havina pumzi ya kati, na nyuma yake sauti za wanawake wengine ambao kumbe walikuwa wamekaa naye muda wote huo. Wauza mitumba wakavijibu. Mwenye mgahawa akavijibu. Nami nikajaribu, nikatoa mluzi wa ajabu, watu wakanicheka.

Tulikuwa tunaongoza kwa jumla dhidi ya watu wanaobeba makombe. Najua tulikaa hivyo muda mfupi tu, lakini ukiniuliza nitakwambia ulikuwa mrefu, maana niliutumia wote. Nilimwangalia kila mtu mle ndani. Wale wanaume walikuwa wameshavigeuza viti zamani, magoti yao yanagusana, mmoja anaomba dua waziwazi. Mwenye mgahawa alikuwa bado na Mama sikioni, wanaongea sasa wenyewe kwa wenyewe, mmoja Kiswahili cha Bukavu, mwingine cha Tanga, na wanaelewana bila shida.

Wakubwa walirudisha. Na dakika za nyongeza, kona ikapigwa, mpira ukagonga watu, wakafunga la tatu. Ndiyo ikawa basi. Yule msichana wa Glenwood alilia bila kujificha. Niliomba simu.

"Mama," nikanong'ona. "Wametolewa."

"Najua. Nimesikia mlivyonyamaza. Analia?"

"Amekaa chini. Kuna mmoja wa wale wakubwa amemwendea. Anampa mkono. Amemwinua. Sasa anamwambia kitu sikioni, na yeye anacheka. Mama, anacheka. Wanabadilishana jezi."

"Wale wenye makombe ndio wametaka jezi yake?"

"Yule mwenye makombe ndiye aliyeivua ya kwake kwanza."

Mama akavuta pumzi. "Mwambie huyo mama wa mgahawa namsalimia," akasema. "Anatangaza vizuri kuliko wewe."

Mdogo wangu alinipigia kesho yake, nikiwa bado naongea kwa ishara. Akaongea yeye. Alisema alilia bafuni, kisha wakaimba kwenye basi mpaka dereva akawaomba wapunguze. Walipotua, ule mji wao ulikuwa umekuja wote uwanja wa ndege, pamoja na kasisi na watoto wa shule. Nilimuuliza kwa taabu yule mpinzani alimwambia nini. Akasema alimuuliza, kwa Kiingereza kibovu kama chake, amejifunzia wapi kukata vile. Akamjibu, "Mchangani." Halafu akabaki anamweleza mchanga wa Tanga huku watu wanawapiga picha.

Nikamuuliza na ule mguu wa kulia.

"Dada, hata mimi sijui," akasema. "Niliona wa kushoto uko mbali."

Mwisho wa msimu alibaki kwenye ile klabu. Zilimjia klabu mbili, moja kubwa, lakini akasema anataka kurudi kwenye makundi na watu wale wale waliosafisha theluji. Mume wangu alisema angekuwa yeye angeondoka. Nikamwambia ndiyo maana yeye yuko Clairwood, akacheka mpaka akakohoa.

Fainali ilichezwa Jumamosi ya Mei, saa kumi na mbili jioni. Mdogo wangu hakuwemo, wala klabu yoyote ya nchi anayochezea, na nilidhani nitafunga duka niende nyumbani nikapumzike. Saa kumi na moja na nusu nikawa nimeketi kwa mwenye mgahawa, mstari wa mbele, simu mfukoni. Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa nimechagua upande, ule wa watu waliotutoa, kwa sababu niliwajua sasa kama mtu anavyowajua majirani wakorofi, namba zao na tabia zao. Kipindi cha kwanza goli lao likakataliwa. Mwamuzi wa pembeni aliinua kibendera, na mume wangu akatingisha kichwa akasema ni sawa kulikataa, ameotea.

"Ameotea wapi?" nikasimama. "Mtazame yule beki wa kule. Mguu wake."

"Kaa chini, mke wangu."

"Sikai. Mguu wa beki uko nyuma yake. Mama wa malewa, rudisha hiyo picha."

Mwenye mgahawa akasema haiwezi kurudi, iko moja kwa moja. Msichana wa Glenwood akasema enyewe mguu uko. Wanaume wawili wakawa upande wangu na wengine upande wa mume wangu, na simu ikaanza kulia mfukoni. Nikaipokea bila kuitazama, nikasikia nyuma mtangazaji wa mechi hiyohiyo, kwenye televisheni ya huko Tanga. Mama akasema, "Nambie, imekataliwa kwa nini?"